Madini Joto

Mvua ya Mwakaleli hunyesha kama inayodai deni.
Miaka nenda rudi imeosha udongo wetu,
ikabeba kitu kisichoonekana
na kukishusha Lufilyo, na Lufilyo kukitapika ziwani.
Ndiyo maana bibi alizeeka na rovu,
akilifunika kwa kanga kama mtoto wa kubebwa mbele,
na sisi tukadhani ndivyo shingo za wanawake zilivyo.

Baadaye ikaja chumvi ya pakiti, imeandikwa:
*madini joto*.
Mama akaimimina kiganjani. Joto gani,
mbona ya baridi?
Akacheka peke yake, akaitia kwenye maharage.

Lake lilikuwa dogo, njugu mawe moja
chini ya koo, upande wa kushoto.
Mbeya wakalikata.
Karatasi ya maabara ikarudi na neno
ambalo kaka yangu Ambakisye alilisoma mara mbili,
kisha akatoka kwenda kukamua ng'ombe
waliokwisha kukamuliwa.

Daktari alichora shingo nyuma ya risiti.
"Tezi hii ina uchu wa kitu kimoja tu.
Popote ilikokimbilia, mapafuni, mifupani,
imekwenda na uchu wake.
Basi tutaitia njaa.
Halafu tutaipa inachokitamani,
kikiwa na moto tumboni."

Wiki mbili bila chumvi.
Mama, aliyefundishwa na redio na mabango ya zahanati
kwamba chumvi ile ndiyo uzima,
akala ndizi za kuchemsha, chapwa, chapwa,
na kila akimeza alijigusa kovu:
Ngoja, mwizi. Chakula chako kinapikwa.

Dar es Salaam walikitoa kidonge kwenye kopo la risasi.
Lugha yetu nayo ina mzaha:
risasi ni ganda zito la kuzuia,
na risasi ni ile inayotumwa.
Bwana mmoja alikishika kwa koleo
kama mhunzi wa Ukinga ashikavyo jembe jekundu.
Meza, mama, usitafune.
Akarudi nyuma hatua nne.
Maishani mwake hakuna aliyewahi kumlisha mama
kisha akamkimbia.

Sijui kilisafirije damuni.
Nadhani kilipita moyoni bila kupiga hodi,
kikauacha mgongo, kikayaacha macho,
kama mgeni mwenye jina la mtaa mkononi,
hadi kwa wenye njaa.
Wakamfungulia mlango wenyewe.

Alirudi na masharti.
Chumba cha kando, kilichokuwa cha mahindi.
Sahani yake, kijiko chake.
Asimpakate mtoto.
Ipyana ana miaka mitatu, hana habari na vipimo;
alilia mpaka kwikwi zikamlaza kizingitini.

Mama ndiye aliyekata mwanzi, mrefu, hatua tatu.
Neno *mionzi* halijawahi kumkaa mdomoni.
"Nimemezeshwa mianzi," alisema,
"basi mwanzi utupatanishe."
Yeye ncha hii, mtoto ncha ile,
wakazunguka uani kila jioni
kama watu wanaobeba machela tupu.

Nusu uhai, walituandikia, ni siku nane.
Kila siku nane nusu inakufa,
kisha nusu ya iliyobaki, kisha nusu ya hiyo.
Nilipiga hesabu nyuma ya kalenda ya chai
nikaona haifiki sifuri kamwe.
Sikumwambia mtu.
Picha ya mapafu ni mwezi wa tatu.

Siku ya ruhusa kulikuwa na ukungu.
Mama alivaa kitenge kipya, akaketi kwenye kigoda,
akafungua mikono yote miwili.

Ipyana akasimama mbali,
ameshika ncha yake ya mwanzi,
akimsubiri bibi ashike ya kwake.